Nusu ya Pili ya Wimbo wa Elkanah

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo nitasema polepole, maana jambo lenyewe bado halijatulia, na mimi pia sijatulia.

Tunamkumbuka Elkanah Nyakundi, mlinzi wa jengo la kupanga mtaa wa Malaz, Riyadh. Kifua kilimbana akiwa kazini, wiki mbili zilizopita, akafariki. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Atazikwa Jumamosi hii, nyumbani Nyamira, Kenya. Narudia: Jumamosi hii, saa tano asubuhi. Leo ni Jumatano.

Elkanah alikuwa mlinzi, lakini wengi walimjua kwa guqin. Ni ala ya kale ya Wachina: ubao mrefu mweusi wenye nyuzi saba za hariri, unaolazwa mezani. Mpangaji mmoja Mchina alipohama alimwachia, ikiwa na ufa ubavuni. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kusoma kwenye simu, akaandika kila kitu daftarini.

Nimetumiwa picha za daftari hilo. Ameandika kwamba ala hii haikuanza na nyuzi saba. Mapokeo ya Wachina yanasema zilikuwa tano, mbili zikaongezwa. Katika kaburi moja la kale huko Uchina imefukuliwa moja yenye nyuzi kumi, ya zaidi ya miaka elfu mbili mia nne. Kisha saba zikakubalika, na ubaoni zikawekwa alama kumi na tatu za kuongoza vidole. Chini ya hapo kuna maneno aliyoyapigia mstari mara mbili: "Waliandika vidole. Hawakuandika muda."

Maana yake ni hii. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, muziki huu uliandikwa kwa sentensi ndefu: bonyeza uzi huu hapa, vuta ule kwa kidole cha kati. Baadaye sentensi zikafupishwa zikawa alama. Lakini sauti idumu kiasi gani, hilo halikuandikwa. Lilibaki kwa mwalimu. Mwanafunzi aliketi mbele yake, akatazama, akafuata.

Elkanah aliogopa hewa kavu ya Riyadh. Ufa ulikuwa ukipanuka, naye aliupima kila asubuhi kwa rula. Mwishowe akaituma ala kwa basi hadi Jeddah, kwenye unyevu, kwa rafiki yake Zablon Omwenga, dereva wa lori anayeishi Kandara, mtaa wa huko huko Jeddah.

"Nilimwambia, wewe Nyakundi, chumbani tuko watu sita, hata viatu havina pa kukaa!" Zablon ananisimulia. "Akaniambia yalla, haya basi, ilaze kitandani, wewe lala chini."

Basi Elkanah akabaki Malaz bila ala. Miezi minane alimfundisha Zablon kwa sauti za simu, akigonga meza ya getini na kuimba kwa pua. Wimbo ulikuwa mmoja. Nusu ya kwanza aliwahi kumpigia mkewe, Eucabeth, Mama Peris, kwenye simu. Nusu ya pili aliimalizia mezani tu. Haijawahi kusikika kwenye nyuzi.

Kisha simu ya Zablon ikajaa. Akafuta sauti zote, akijua ataomba nyingine. Wiki hiyo hiyo Elkanah akafariki.

"Nusu ya kwanza ninayo vidoleni," anasema. "Ya pili ninayo kwenye karatasi. Vidole viko. Muda mafi, haupo."

Eucabeth anataka wimbo huo mzima kaburini, upigwe kutoka Kandara kwa simu. Jana niliwaunganisha. Kwa ruhusa yao nawasimulia.

"Shemeji, usibuni," alisema Eucabeth. "Usimtilie mume wangu maneno kinywani. Piga alivyopiga."

"Mama Peris, sina alivyopiga. Nilifuta."

"Ulifuta sauti ya mtu?"

Zablon akaeleza kwamba simu yake ilijaa. Sikuweza kumlaumu, simu yangu pia hujaa.

"Nikuambie kitu, usinikasirikie," akasema. "Yeye mwenyewe alibuni. Nani angemfundisha muda, pale getini? Alijaribu, akabadilisha, mpaka ukamkaa."

"Alibuni?"

"Muda wa wimbo wote, shemeji."

Eucabeth akacheka, wasikilizaji. Akacheka na kulia pamoja. "Huyo mtu! Miaka minne ananiambia nyamaza, Mama Peris, usikie Wachina wa kale. Kumbe ni yeye!" Alipotulia akasema, "Basi buni na wewe. Lakini usiharakishe. Alikuwa hapendi kuharakishwa."

Bado nina wasiwasi. Uzi wa tano umechakaa, na Zablon hana mwingine. Kuhusu ruhusa ya kutokwenda kazini Jumamosi, bosi wake amejibu "bukra" mara tatu. Bukra ni kesho, na kesho zimebaki chache.

Kwako Eucabeth, kwa Peris, na kwa jamaa yote ya Nyakundi, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi wengine tujiulize: ni nani anajua jambo ambalo halijaandikwa popote? Tumuulize leo, angali anajibu.

Leo asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Zablon alipiga wimbo mzima kwa mara ya kwanza na kunitumia. Nimeusikiliza mara nne. Sijaweza kusikia mahali Elkanah anapoishia na Zablon anapoanzia. Usikilizeni.