Peris Kamanthe, Aliyetaka Kujua Kama Ujumbe Umefika

Marehemu Peris Kamanthe Kiema alizaliwa Mitaboni tarehe 14 Machi 1979, kifungua mimba wa Mzee Mwangangi na Mama Wayua. Alisomea hapa nyumbani, akamaliza sekondari mwaka wa 1997, kisha akasomea kompyuta mjini Machakos. Mimi Wanza, mdogo wake, nakumbuka kwamba ukitumwa na Peris, ukirudi lazima uulizwe ulimwambia nani na akajibu nini. Tulimwona msumbufu sana.

Tarehe 11 Desemba 2004 alifunga ndoa na Kiema Ndunda, wakajaliwa Mwelu na Mwanzia.

Mwaka wa 2006 aliajiriwa na kiwanda kimoja cha nguo Athi River. Kompyuta za mashine huandika zenyewe kila kinachozipata: hii imepata joto, ile imejaa. Peris alizikusanya taarifa hizo mahali pamoja, akapanga kila moja imfikie fundi anayehusika kwenye simu yake. Hata nyumbani alitupangia hivyo. Habari za maji zilikuja kwangu, za ng'ombe zikaenda kwa Kiema, ambaye hadi leo analalamika kwamba ng'ombe wana mambo mengi.

Agosti 2015, mashine ya kukata vitambaa ilizimika na kazi ya wiki nzima ikaharibika. Aliyeiendesha, Munyiva, alilaumiwa, na barua ya kumfuta ikaandikwa. Peris akafungua taarifa zake. Mashine ilikuwa imelalamika siku tatu mfululizo, lakini Peris alikuwa bado anazipeleka taarifa zake kwa fundi aliyeacha kazi mwezi wa Juni. Alisahau kubadilisha, na hakuna mwingine aliyejua. Angeweza kunyamaza. Alienda kwa meneja akasema, "Munyiva hana makosa. Mashine ilisema. Ni mimi nilipeleka hiyo taarifa kwa mtu hayuko."

Peris alipewa barua ya onyo, akaibandika juu ya meza yake. Munyiva alibaki kazini. Tangu hapo, kila Jumatatu saa tatu asubuhi, Peris alituma ujumbe wa majaribio, na kila fundi alitakiwa kujibu "Nimepata" na jina lake. Asiyejibu alifuatwa kwa miguu.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Miezi yake ya mwisho aliitumia kumfundisha Munyiva kazi yake. "Mashine zikiongea mingi usijali," alimwambia. "Zikinyamaza, enda uangalie." Alituacha Jumatano, tarehe 4 Juni 2025. Ametuachia mumewe Kiema, watoto wake wawili, mama yetu Wayua, mimi na wapwa saba. Tunaumia.

Jumatatu iliyopita, saa tatu, Munyiva alituma ujumbe wa majaribio. Mafundi wote kumi na wanne walijibu. Lakini alikuwa amesahau kuondoa namba ya Peris, kosa lile lile, na simu ya marehemu ikalia juu ya kabati nyumbani. Mwelu, anayeanza masomo ya kompyuta Septemba, aliichukua, akausoma ujumbe, akajibu: "Nimepata. Mwelu."

Dada Peris, lala kwa amani. Ujumbe umefika.