Pipa la Bwana Misitu

Benchi la Fadhila lipo New Hope, Minnesota, ubavuni mwa duka lake la unga na dagaa, kwenye ule ukuta unaopigwa na jua. Zamani lilikuwa benchi la kanisa. Kanisa lilipogeuzwa ukumbi wa mazoezi, Fadhila akalibeba, na tangu siku hiyo limesikia uongo mwingi kuliko sala zote lilizowahi kusikia. Jumamosi hiyo ya mwisho wa Machi theluji ilikuwa inayeyuka, Wamarekani wameshavaa kaptula, na wenye benchi wamejikunyata ndani ya makoti, kila mtu na kikombe chake cha kahawa ya tangawizi. Kulia alikaa Zadock, Mkenya, nesi wa zamu za usiku, ambaye hapa anaitwa Daktari kwa kuwa hakuna kitu asichokitafutia ugonjwa. Kushoto alikaa Rigobert wa Bukavu, dereva wa lori, aitwaye Balozi, maana hata dukani kununua chumvi huja na tai. Katikati, kichwa chini, alikuwa Ambakisye wa Tukuyu, mfamasia mtaratibu, ambaye tangu anunue eka tano za msitu huko kaskazini jina lake limekuwa Bwana Misitu. Miguuni pake kulikuwa na mfuko wa plastiki.

— Mwaga tuone, alisema Daktari.

Ambakisye akamwaga. Upande mmoja likatoka rundo la majivu, upande wa pili kikatoka kisinga kirefu, cheusi kwa nje na kibichi kwa ndani kama muhogo uliochomwa na mtoto.

— Huo ni mkaa wa kwanza, alisema akionyesha majivu. Na huu ni mkaa wa pili.

— Buda, huyu wa kwanza ni marehemu. Huyu wa pili ako ICU, alisema Daktari.

— Mungu awalaze pema wote, alisema Balozi, akavua kofia.

Walicheka. Ambakisye hakucheka. Alikuwa anasikiliza matone yanayodondoka kutoka kwenye bati la duka, na kila tone lilimuuma. Kule msituni, theluji ikifunika ardhi vizuri, unachoma bila kuomba kibali. Ikishaisha, unaanza kuomba, na majira ya majani makavu hata kibali chenyewe hukipati. Kwa theluji iliyobaki, kesho ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Na Pasaka ilikuwa wiki ijayo.

Habari ya Pasaka ilitoka kwa Tumpe, mkewe. Walipolinunua lile shamba, miti ilikuwa mizima. Kisha akaja yule mdudu wa kijani, mdogo kama punje ya mchele, anayekula mti chini ya gome, na nusu ya msitu ikakauka imesimama. Tumpe alivumilia mwaka wa kwanza, akavumilia wa pili, halafu akasema mezani, bila kupandisha sauti: "Baba, tunalipia makaburi ya miti. Pasaka hii nione gunia moja la mkaa uliotoka kule. Nisipoliona, tunauza." Ambakisye alijua mkewe akisema kwa upole amekwisha kuamua. Naye alilipenda lile shamba kupita kiasi. Kule hakuna simu ya daktari anayeulizia dawa, hakuna anayemwomba aandike jina lake herufi kwa herufi. Kuna kigogota tu na yeye.

— Kwanza, kwa nini mkaa? aliuliza Fadhila kutoka mlangoni, chupa ya kahawa mkononi. Si upasue kuni tu ulete mjini?

— Haziruhusiwi kuhama hivihivi, dada Fadhila. Ukibeba kuni, mdudu anapanda gari na wewe. Lakini mkaa haubebi mdudu. Miti imeshakufa, siui kitu, naokoa kilichobaki.

— Hapo sasa, alidakia Daktari. Mimi huwa nashangaa. Kule nyumbani ukichoma mkaa wewe ni adui wa mazingira, unashikwa na forest guard, unawekwa kwa gazeti. Hapa ukichoma mkaa uko na project.

— Kule tunakata mti mzima, Daktari.

— Na moshi je? Moshi wa hapa umepakwa manukato?

Ambakisye akayakusanya majivu kwa ncha ya kiatu. Siku ya mkaa wa kwanza, jirani yake wa kule, bibi mmoja mzee, aliona moshi mweupe unatoka msituni na haoni mtu, akapiga simu. Zimamoto wakaja na gari zima, wakakuta pipa lake la kuchomea mkaa. Kijiweni alikuwa hajaisema hiyo, na hakuwa na nia ya kuisema.

— Mi nasema shida ni ile bois, ile kuni yenyewe, alisema Balozi. Iko mukavu sana. Ba-vieux, bazee betu, banasema: samaki umukunje ikiwa mbichi. Uchome miti mbichi.

— Samaki anaingiaje hapo?

— Methali haiulizwake, inafwatwa.

— Sio ukavu, alisema Daktari. Sikia diagnosis. Hii miti ya Minnesota wanaidunga sindano ya huyo mdudu, nimeona Roseville na macho yangu, mti umewekewa drip. Sasa utachomaje mgonjwa ako kwa medication?

— Miti yangu haijadungwa sindano hata siku moja.

— Ndio hiyo sasa! Haina insurance. Ilikufa na stress.

Fadhila akaja kujaza vikombe. Alipofika kwa Daktari, kikombe cha tatu hicho, akamwangalia.

— Chovya chovya yamaliza buyu la asali, shemeji. Na wewe Bwana Misitu, hilo pipa ulilolinunua lilikuwa la nini?

— Lilikuwa na sharubati ya mahindi, ile sukari ya majimaji. Nikalichoma tupu kwanza, likasafika. Nimetoboa matundu chini, lina mfuniko wake. Chensoo mpya, glovu, miwani, vyote ninavyo.

— Basi jibu ndilo hilo. Chuma kilichozoea utamu hakiwezi kazi ya jasho. Wallahi, hata waume wako hivyo.

— Na uliliweka wapi? aliuliza Daktari.

— Nyuma ya kibanda, upepo usilipige.

— Umelificha! Wahenga walisema mficha uchi hazai. Pipa limefichwa, litazaa mkaa aje?

Hapo nadharia zikapanda ngazi. Daktari akasema huyo mdudu hakuja mwenyewe: waliomleta ni wale wanaouza mkaa wa vidonge kwenye mifuko, ule unaonuka mafuta ya taa, maana nani mwingine anafaidika miti ikifa? Balozi akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayesikiliza mtoto, akalegeza tai.

— Docteur, uko mbali na ukweli. Shida ni moto. Moto ya Amerika imezoea bouton. Unabonyeza, inawaka, unabonyeza, inazimika. Sasa wewe unaileteaka kiberiti. Moto inakuangalia, inasema, huyu ni nani? Haikuheshimu. Siku ya kwanza inakula vyote. Siku ya pili inakataa kula. C'est clair.

— Moto umekuja juzi na viza? Moto ni moto, alisema Ambakisye, sasa amekasirika kweli. Mimi nimefuata video mwanzo mpaka mwisho. Unajaza pipa, unawasha, moshi unatoka mweupe, ukigeuka kuwa wa bluu unaziba matundu kwa udongo. Kwenye video ni dakika kumi na mbili.

Wakati huo pikapu ya Balozi iliyoegeshwa mbele yao ilikuwa imelizuia gari la mtu lisitoke, na mtu mwenyewe alikuwa amesimama kando kwa adabu, mfuko wa unga wa muhogo kifuani. Aliitwa Nyiraneza. Alikuwa amehamia kwenye apatimenti za nyuma ya duka wiki hiyo, anafanya kazi za bima, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kigoma, alikokulia.

— Shikamooni, alisema. Samahani, naomba mnisogezee gari.

— Marahaba. Subiri kidogo, mgeni njoo mwenyeji apone, alisema Daktari. Kaa, tuambie: wewe unaona huu mkaa unaumwa nini?

— Mimi mkaa sijui kitu, kaka. Mkaa nimeununua tu kwa kopo, sokoni.

— Sisi pia, alisema Balozi kwa fahari, ndiyo mara ya kwanza asubuhi ile kijiwe kukubaliana.

Nyiraneza akayatazama majivu, akakitazama kisinga, akamtazama Ambakisye.

— Ila nauliza tu. Ulipowasha, nani alibaki nao?

— Nao nini?

— Moto.

Ambakisye alikumbuka. Siku ya kwanza aliwasha, akaona moshi mweupe umesimama vizuri, akaondoka kuwahi zamu ya mchana. Siku ya pili, kwa kuogopa majivu, aliziba matundu kabisa, kisha akaondoka kuwahi zamu. Mara zote mbili aliliacha pipa msituni kama mtu anavyoacha jungu la umeme lijipikie jikoni. Kwenye video hakukuwa na mtu aliyekaa. Yule aliyekaa kuulinda moto, watengeneza video walimkata kwenye picha. Aliona aibu, na baada ya aibu ikamjia furaha ndogo yenye hofu, kwamba kumbe miti yake haina tatizo.

— Alibaki pipa, alisema.

Balozi akavua kofia tena.

— Na kesho? aliuliza Nyiraneza.

— Kesho nawasha alfajiri, nakaa nao mpaka saa saba. Zamu yangu ni saa tisa, na barabara ni ndefu. Mkaa utakuwa bado, alisema, akageuka kulia. Daktari?

— Bro, mimi natoka night asubuhi. Lazima nilale. Kukaa tu hapo naangalia moshi, masaa yote hayo? Mimi ni mtu busy.

— Balozi?

— Kesho dimanche ni ya kupumzika. Jumatatu mapema niko kule Savage kupakia mzigo. Kukaa chini siku nzima bila kufanya kitu, mutu anaweza kugonjwa.

— Kwa kweli, alisema Daktari. Nani ako na time ya kukaa tu?

Nyiraneza aliubadilisha mfuko wa unga mkono.

— Na hapa mmekaa tangu saa ngapi?

Bati lilidondosha tone, likadondosha jingine. Daktari aliangalia saa yake, akaishusha haraka ndani ya mkono wa koti. Balozi alikaza tai. Fadhila, aliyelifungua duka akawakuta wameshakaa, alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio na mabega yakaanza kumtikisika. Akaipindua chupa ya kahawa juu ya kikombe cha Daktari. Hakikutoka kitu.

Ambakisye akasimama. Akaenda mwisho wa benchi, akainama, akalishika kwa mikono miwili na kulinyanyua, Daktari na Balozi wakiwa bado juu yake, wakateleza wote upande mmoja kama viazi kwenye ungo.

— Wee! Unapeleka wapi benchi ya watu? alisema Daktari.

— Shambani. Mtakaa huko huko, mkibishana hivyo hivyo. Moshi ukigeuka bluu mzibe matundu, mniambie kwa simu.

Daktari alimtazama Fadhila amtetee. Fadhila alikuwa ameshaingia ndani, na sauti yake ilitoka dukani:

— Chupa nitaijaza alfajiri. Mniletee imeoshwa! Na mkaa wa jiko langu!

Balozi aliinuka taratibu, akalikunja koti lake vizuri, akashika upande wa pili wa benchi.

— Sogeza pikapu kwanza, alisema Nyiraneza.