Mzee Tsonkiri, Tumalizie Hadithi ya Muhogo

Mgeni rasmi, Mzee wetu Tsonkiri wa kijiji cha Waashaninka kule Peru, na mjukuu wako Nélida: Bwana asifiwe! Karibuni kwenye chai hii ya kuwaaga. Leo tuna furaha hata vitambaa havikai kichwani.

TULIKOANZIA
Sisi ni nyanya wanane wa Silver Spring, huku Marekani, wengi wajane, na kazi yetu ni kutunza wazee majumbani. Ndiyo maana Jumamosi iliyopita, uliposhuka kwenye gari na wekundu usoni, mwenzetu Edah alikimbia na kitambaa cha maji: "Woi, mzee ameanguka!" Akapangusa shavu zima kabla Nélida hajasema hiyo ni rangi ya mbegu, mnayopaka kwa heshima. Wewe ukacheka, ukamgeuzia na shavu la pili. Tunaomba radhi.

MAFANIKIO
Ulitueleza unavyoamka kabla ya jogoo, unachochea moto, na watoto wanakuja kukaa karibu uwaambie habari za mto na shamba. Ukaanza hadithi ya Mwezi, aliyewaletea watu muhogo walipokuwa wanakula udongo. Nélida akaigeuza kwa Kiingereza. Kiingereza chake cha haraka kikatupita. Ndipo Nyaguthii, mjukuu wa mwenzetu Serah, yule ukimsalimia kwa Kiswahili anakujibu "fine", akasimama akatutafsiria yote. Kwa Kiswahili! Serah alilia mpaka miwani ikaanguka.

CHANGAMOTO
Darasa letu la Kiswahili la kila Jumamosi lina watoto watatu tu. Kanisa limesema kesho wasipofika kumi, darasa linafungwa. Tumejaribu mandazi, tumejaribu maombi. Na hadithi yako ilikatika ukumbi wa kanisa ulipofungwa, yule msichana aliyepewa muhogo na Mwezi akiwa ameuinua mdomoni. Tangu hapo watoto wanatupigia simu: "Nyanya, aliula?" Sisi tutajuaje?

OMBI
Ndege yako ni kesho jioni. Tunaomba uje darasani saa tatu asubuhi, utumalizie. Muhogo tutachemsha. Ule mnaotafuna na kutema ili uchachuke uwe pombe hatuuwezi. Tumeokoka, na meno ya Edah ni ya bandia. Uje na rangi yako, hakuna atakayeigusa.

Watoto walioandika majina kuja kesho ni tisa. Wa kumi ni huyu Nyaguthii aliyesimama hapa akimpa Nélida maneno yetu kwa Kiingereza. Kalamu ameishika. Anasema ataandika akisikia jibu lako.

Mungu aliyekuvusha mito yote hiyo akurudishe salama kwenye moto wako.

Ni sisi, Nyanya wa Neema, Silver Spring.
Msomaji: Mama Euphrasia