Mwisho wa Benchi, Mahali pa Belise

Benchi la Hakimu, pale Majengo mjini Gisenyi, kwenye njia ya wachuuzi wanaovuka kwenda Goma, lina miguu minne na maoni mia. Mbao zake zimelainishwa na makalio ya watu wasio na haraka, na chini yake ni lile vumbi jeusi la volkano linaloingia mpaka ndani ya soksi. Kwa kawaida Hakimu hutia mkaa chini ya birika, akapanga vikombe vyake vidogo, na kabla kahawa haijachemka kesi ya kwanza ya siku imeshafunguliwa. Siku ile kahawa ilichemka, ikamiminwa, ikaanza kupoa, na hakuna aliyefungua kesi. Mwisho wa benchi, upande wa ukutani, palikuwa na nafasi tupu. Watu walikuwa wamejibana upande wa pili, bega kwa bega, kana kwamba nafasi ile ina mwenyewe na yuko njiani.

Aliyeketi jirani na nafasi hiyo alikuwa Straton, ambaye kijiwe kilimwita Paspoti. Alikuwa ameiona Kigoma, Kampala, Mombasa na Lubumbashi, ingawa sehemu kubwa ya miji hiyo aliiona akiwa amelala chali chini ya lori bovu. Mwenyewe alipenda kusema kwamba amezunguka nchi za watu ujana wake wote na kurudi na vitu viwili tu, kitambi na kikohozi. Belise alicheka maneno hayo kuliko mtu yeyote. Alikuwa akikipima kitambi cha Straton kwa viganja vyake, kisha akipima na cha kwake, kuona nani anaongoza. Miezi ya karibuni Straton alikuwa akisalimu amri: «Umenishinda, mama,» na kumpa biskuti ya ushindi.

Belise alikuwa na miaka tisa. Juzi, akipanda kilima cha shule, alishika kifua, akakaa chini, kisha akalala. Hospitali walisema sukari imemjaa kwenye damu na mwili umeelemewa na uzito. Tangu hapo mama yake hakutoka wodini.

Sibomana ndiye aliyeshindwa kuvumilia ukimya. Yeye ni dereva wa pikipiki, na wanamwita Dokta kwa kuwa miaka ya nyuma alimbeba daktari mmoja kila siku kwenda kazini, elimu ikamwingia kupitia mgongoni.

— Mi nawaambia, hii iko gazi ya lac.

— Gazi gani tena? aliuliza Libérata.

— Ile iko chini ya maji ya ziwa. Usiku inapanda pole pole. Mutu mukubwa anaikohoa, inatoka. Mutoto anaivuta, inabakia mule. Anajaa. Hujaona ballon ikipulizwa, we?

— Na batoto ya wavuvi? Baba zao wanalala juu ya maji, nyumba zao iko juu ya maji, na batoto iko wembamba kama ndoano!

— Hao wamezoea.

— Yewe! Dokta wa magurudumu mawili!

Libérata ni Maman Sambaza. Hukaanga visamaki vidogo vya ziwa hatua chache kutoka hapo, na moshi wa mafuta yake ndio saa ya mchana ya kijiwe. Yeye alikuwa na nadharia yake.

— Gazi hapana. Iko vumbi ya volkano. Angalieni kule Kanama, mutu anatupa kiazi kwa ile udongo, anarudia kuchimba kubwa kama kichwa ya mutu! Sasa ile vumbi mutoto anaimeza kila siku. Itaotesha nini mule ndani?

— Basi na sisi tungekuwa kama majumba, alisema Hakimu.

— Sisi tumeshakauka, Hakimu. Kwa kavu hakuoti kitu.

Hakimu aliweka birika chini. Alizaliwa Kigoma, akarudi Rwanda mtu mzima, na Kiswahili chake kingali kinavaa kanzu na kofia.

— Ndugu zangu, mnatafuta mbali. Ni simu. Mtoto akikodolea simu macho, mwili wake hudhani amelala. Na mtoto aliyelala ndiye anayekua. Belise alikuwa analala mchana kutwa huku macho yakiwa wazi.

— Voilà, alisema Libérata. Na simu ilikuwa ya nani?

Sibomana aliishika kofia yake ya pikipiki kama mtu anayetaka kuivaa na kuondoka.

— Nilimupa ili atulie. Mulitaka afanye nini? Akimbie kwa barabara? Si mulisema asikimbie? Na mi nilimupa simu tu. Wewe ulimupa sambaza.

— Sambaza iko samaki! Samaki iko afya!

— Imeogelea kwa mafuta mara ya pili, Maman. Ya kwanza maji, ya pili mafuta.

— Na Fanta yako? Unafikiri sikukuona? Kila ukipata abiria wa mbali, unarudi na Fanta ya mutoto!

— Moja!

— Moja kila abiria!

— Alikuwa na kiu, chumvi ya sambaza yako!

Siku nyingine Straton angekuwa ameshapiga paja lake kwa kicheko. Siku hiyo aliwasikiliza kama mtu anayesikia jina lake likisomwa kutoka chumba cha pili, akijua tu kwamba zamu yake inakuja.

— Mimi mandazi yangu hayana neno, alisema Hakimu kwa sauti ya chini. Ya asubuhi akienda shule, ili asiende na tumbo tupu. Na akirudi, kwa sababu amechoka. Na yale yanayobaki jioni, kwa sababu... kwa sababu yanabaki.

— Na Paspoti? aliuliza Sibomana. Mbona umenyamaza? We mwenye biskuti kwenye mifuko yote kama bwana harusi?

— Mi sina la kujitetea, alisema Straton. Angalieni hili tumbo. Ndilo lilikuwa darasa lake.

 Straton akayatazama mandazi ya Hakimu kwenye beseni. Mawili yalikuwa yamewekwa pembeni, yamefunikwa kisahani. Mkono wa Hakimu ulikuwa umeyatenga wenyewe, kwa mazoea, na mwenye mkono alikuwa bado hajaona.

Walichokuwa hawakisemi, wote walikijua. Belise alipokuwa mtoto wa kutambaa, mhudumu wa afya alimzungushia mkononi ule utepe wa rangi tatu unaopima utapiamlo, na utepe ukasimama kwenye nyekundu. Baba yake alikwenda Masisi kutafuta kazi, na anaitafuta mpaka leo. Mama yake, Uwimpuhwe, alimpeleka Belise mpaka kwenye benchi, mkono wa mtoto ukiwa kama kijiti cha kuchokolea meno, akamketisha pale mwisho, upande wa ukutani. Kisha akanyanyua beseni lake la karoti na kabichi kwenda kuuza Goma. Maneno aliyowaachia yalikuwa machache: «Mutaniangalilia mutoto. Asikose kula, na asivuke barabara.»

Kijiwe kile, ambacho hakijawahi kutimiza ahadi yoyote, kilitimiza hiyo. Mtoto alikula. Mashavu yalipotokeza, Majengo nzima ilisifu. Watu walisimamisha pikipiki waseme amekuwa mtu, amekuwa bosi, anafaa kufungua benki. Kila siku karoti zilivuka mpaka, na Belise akabaki na mandazi, maana karoti ndiyo kodi ya nyumba na hakuna anayekula kodi. Usiku mama yake alirudi na chipsi zenye mafuta tele, kwa kuwa alikuwa hajamwona mwanawe mchana kutwa na hakuwa na njia nyingine ya kumwambia.

Na pikipiki za njia ile hazina breki wala huruma. Basi kila Belise aliposimama, mtu alimwita arudi akae. Na ili akae, mtu alimtia kitu mkononi.

— Nyamazeni, alisema Libérata ghafla. Mama Belise huyu.

Uwimpuhwe alikuwa anakuja kutoka upande wa hospitali, bila beseni. Hawakuwahi kumwona bila beseni. Kichwa chake kilionekana kidogo, na shingo bado ilikuwa imenyooka kana kwamba inabeba. Wote walisimama. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kuketi pale, na sasa Hakimu alipanguza benchi kwa kanzu yake.

— Kaa, mama. Kaa unywe kitu.

— Sikai, Hakimu. Nakujia nguo zake tu, narudi.

— Iko namna gani? aliuliza Sibomana.

— Bamemuwekea maji ku mukono. Anaamka kidogo, anarudia kulala. Muganga anasema tungoje.

— Amekula? Libérata aliropoka. Nitamufungia sambaza, nitachuja mafuta yote...

— Na mandazi yake nimemwekea, alisema Hakimu akigeukia beseni. Mkono ulifika kwenye kisahani, ukagota.

Uwimpuhwe hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

— Murakoze, asanteni. Mulimulisha mutoto wangu wakati mi sina. Sitasahau. Lakini sikukuja juu ya chakula. Muganga ameniuliza kitu, mi nikakosa cha kujibu. Anasema akipona, atapashwa kutembeza mwili kila siku. Lakini kwa kitu anachopenda, asione ni azabu. Njo ananiuliza: mutoto wako anapenda kucheza nini?

Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

— Mi natoka na giza, narudi na giza. Nikamwambia, ngoja muganga, iko batu wanashinda naye. Donc niambieni. Anapenda kucheza nini?

Sibomana alifungua mdomo kwanza.

— Anapenda Fanta ya...

Akaufunga. Libérata alitazama mikono yake yenye harufu ya samaki. Hakimu alijua mtoto anapenda andazi lililoungua kidogo ukingoni. Straton alikuwa anajua barabara ya Mombasa kona kwa kona, na majina ya wenye hoteli waliokufa zamani. Alitafuta katika kichwa chake kamba, mpira, mtoto akikimbia, mtoto akiruka. Alimkuta Belise ameketi. Alitafuta tena mwaka wa nyuma yake, na nyuma yake. Ameketi. Akatafuta angalau mzaha, maana hajawahi kukosa mzaha katika nchi yoyote. Haukuwepo.

Pikipiki zilipita. Uwimpuhwe aliwatazama mmoja mmoja, taratibu, mpaka akafika mwisho.

— Bon, alisema. Nitamuuliza yeye mwenyewe. Akiamka.

Akaondoka kwenda kuchukua nguo, shingo ikiwa imenyooka vilevile.

Walibaki wamesimama, kila mtu na kikombe kilichopoa. Straton aliinamisha macho. Mbele ya ile nafasi ya mwisho wa benchi, katika vumbi jeusi, palikuwa na vishimo viwili, kila kimoja chenye kina cha kikombe cha kahawa. Vilichimbwa na visigino vya mtoto anayepiga miguu mbele na nyuma, mbele na nyuma, mchana kutwa. Straton mwenyewe alikuwa akivifukia kwa kiatu chake na kumwambia atulie, ataharibu kijiwe. Kesho yake alivikuta pale pale.

Sibomana alivaa kofia yake, akanyanyua mguu apite upande ule wa ukutani.

— Zunguka huku, Straton alimwambia. Usikanyage hapo.