Bi Philippa Garstang na Dansi Isiyo na Muziki

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba, Bi Philippa Garstang anafunga miaka thelathini na mmoja ya kuwa mwalimu wa dansi katika kampuni yetu ya tamthilia za televisheni. Mhariri wa jarida ameniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila wenzangu mjue kuwa Jumatatu nafasi yake naishika mimi, Thea Wragg, msaidizi wake, na tangu niambiwe hivyo usingizi umenipaa.

Mzaliwa huyu wa Derby alianzia kazi katika kiwanda cha soksi. Hapo ndipo aliposoma riwaya ya Majira ya Bi Averill, akiificha mapajani msimamizi akipita. Riwaya za mapenzi za zama za Mwanamfalme Kaimu, Uingereza ya miaka mia mbili iliyopita, anazipenda zote, hata zile ambazo bwana ana majivuno tangu ukurasa wa kwanza na shangazi tajiri hafi mpaka wa mwisho, lakini hiyo moja ilimteka kabisa. Ndiyo iliyomfanya aache soksi akajifunze dansi za kale. Mama yake alidhani mtoto kachanganyikiwa.

Walioisoma wanajua kisa chenyewe. Bwana anamtamkia Bi Averill mapenzi katikati ya dansi ya mistari miwili, wanaume huku na wanawake kule, na kabla binti hajafungua mdomo, zamu inamwondoa. Inambidi ashuke mstari mzima, ashikane mikono na wanaume wasiomhusu, atabasamu wakimsimulia habari za farasi wao, ndipo dansi imrudishe. Kusimama ni aibu mbele ya mji mzima. Na sisi wasomaji tunahangaika naye kurasa kwa kurasa.

Kazini Bi Garstang alikuwa mkali, ila ukali wake ulikuwa wa kuchekesha. Kijana mmoja, nyota wa siku hizi, aliwahi kuinama mbele ya mwenzake kwa uvivu. "Nyoosha mgongo, bwana mdogo," Bi Garstang akamwambia. "Unamwomba binti wa watu acheze nawe, humwombi akupitishie chumvi." Mpaka leo kijana huyo akimwona hunyooka, hata kwenye foleni ya chai.

Kwa wageni wa kazi hii niseme kwamba dansi zetu, mazungumzo yanaporekodiwa, huchezwa kimya. Muziki huwekwa baadaye. Soli za viatu hubandikwa sufu, na mwalimu husimama nyuma ya kamera akiwaonyesha wachezaji mapigo kwa mkono ulioinuliwa. Mwaka wake wa kwanza Bi Garstang alijisahau. Mchumba yuko katikati ya kiapo chake, yeye akapaza sauti, "Geukeni!" Wakageuka wote, pamoja na mwongozaji. Mafundi wa sauti wanamwita Bi Geukeni hadi leo, naye huitika.

Mara mbili kampuni ilipanga kuigiza Majira ya Bi Averill, na mara mbili ikaahirisha. Mwaka huu kampuni ikakubali, goti la Bi Garstang likakataa. Daktari akamwambia Oktoba ndiyo mwisho wa kazi. Tena mwongozaji wetu, Bwana Lockyer, akaona siku zimebana, akasema lile tamko la mapenzi lihamie ndani ya gari la farasi.

"Garini binti atangoja nini?" Bi Garstang akamuuliza. "Si atajibu hapo hapo? Uzito wote uko katika ile safari ya kurudi."

"Philippa, jumba ninalo mpaka saa kumi na moja jioni tu."

"Basi nipe mpaka hiyo saa kumi na moja. Miaka yote hii nimekuomba nini?"

Hiyo ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita, katika jumba la Thornley tulilolikodi. Tulicheza, tukaharibu. Glavu ikaanguka. Tukarudia, mbwa akabweka uani. Tukarudia tena, nta ya mshumaa ikamdondokea mtu begani. Mwanga wa madirishani ulizidi kufifia, na mwenye jumba alikwisha kusimama mlangoni na funguo zake. "Thea, acha kutafuna kucha, utabaki na vifundo," Bi Garstang aliniambia.

"Hii ndiyo ya mwisho," akasema Bwana Lockyer. "Ikiharibika, twende na gari."

Wakaanza. Tamko likatoka vizuri. Tamsin, binti anayeigiza Bi Averill, akachukuliwa na zamu, akashuka mstari akitabasamu kwa shida. Alipogeuka kuanza kupanda mstari kurudi, nikamtupia jicho Bi Garstang, nione mkono wake. Haukuwepo juu. Alikuwa ameviweka viganja vyote viwili kidevuni, macho kwa Tamsin, akisubiri jibu kama msichana ambaye hajawahi kukifungua kitabu. Wachezaji waliliona pengo lile. Nilitaka kuinua mkono wangu mimi, ukakataa.

Hakuna aliyekosea hatua. Walimpokea Tamsin mmoja baada ya mwingine, kimya, kwa mapigo yale yale, wakamfikisha kwa mtu wake, naye akajibu. Bwana Lockyer akasema imetosha, gari halihitajiki tena.

Bi Garstang akajifuta macho, kisha akashtuka. "Nimewaacha?"

"Umetuacha," nikamjibu.

"Na hawakusimama?"

"Hawakusimama, Bi Garstang."

Akavuta kiti, akakaa, akaomba chai.

Bi Garstang, tunakushukuru kwa yote, na tunakuombea afya, majira mema na majirani wasio na makelele. Mimi Jumatatu bado naiogopa, sifichi. Lakini tamthilia itakapoonyeshwa, tafadhali keti mbele ya televisheni yako, mikono mapajani, utazame tu.