Mvua ya Kwenye Simu

Pale Nyakahura sokoni, kwenye benchi la kahawa la Rozina, hakuna jambo lililowahi kukosa mjuzi, na mjuzi mwenyewe mara nyingi ni Felisiani. Walimpa jina la Antena kwa sababu hunasa kila habari, hata isiyorushwa. Asubuhi hiyo habari ilikuwa presha ya Desderius, aliyekuwa amekaa nao hapo hapo. Tangu amzike mkewe Bernadetha, wakati wa kupanda maharage, masikini halali usingizi, na muuguzi wa zahanati alishamwambia wazi kwamba moyo wake unachoka. Vidonge alimpa. Tena akamwekea sauti kwenye simu: mama mmoja mpole anakuambia ufumbe macho, uvute pumzi taratibu, uiachie, huku nyuma yake mvua inanyesha. Asikilize kila siku, akili itulie.

Sasa kasheshe ilikuwa hiyo mvua. Kila ikianza kunyesha kwenye simu, Desderius keshainuka, mbio uani kuanua maharage. Anarudi anahema kuliko alivyoanza.

Felisiani alimpenda Desderius kama ndugu, na aliogopa kumzika. Ila Felisiani akiogopa ndipo anapojua mambo zaidi.

— Dawa ni kubadili sauti, akasema. Mvua hiyo ni ya watu wa mjini. Wao ikinyesha wanavuta blanketi. Sisi tuna vitu nje.

— Mrekodi ng'ombe akicheua, akasema Matiasi, wanayemwita Waziri kwa kuwa hutoa maagizo na kazi hafanyi. Ng'ombe akicheua hata mwizi anasinzia. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini.

Hakuna aliyebisha, maana ng'ombe ndivyo afanyavyo. Lakini Felisiani aliona ng'ombe ni jambo dogo. Yeye alitaka kirekodiwe kile kimya cha kanisani baada ya komunyo, tena cha misa ya kwanza, kwani cha misa ya pili kina watoto. Waziri akapinga: kimya kikirekodiwa, utajuaje simu haijazima? Ndipo Felisiani akatoa kubwa kuliko. Simu iachwe ndani inaongea tangu asubuhi, Desderius aende zake shamba. Utulivu utajikusanya humo humo, akirudi jioni anaukuta wa kutosha. Haba na haba hujaza kibaba. Hata Desderius akacheka kidogo, na Felisiani akajiona daktari.

Mwisho wa benchi alikaa Keza, mwanamke wa Ngara aliyekuwa akingoja gari la kwao. Alipofika aliwaamkia shikamooni, wakaitikia marahaba, wakamsahau.

— Baba, akamwambia Desderius, zamani ulipokuwa unalala vizuri, ulikuwa unasikia nini?

Desderius hakuhitaji kufikiri.

— Bernadetha. Alikuwa anasali rozari kitandani, hafiki mwisho. Usingizi unamchukua katikati ya Salamu Maria, mimi namalizia.

— Basi msikilizisheni hiyo, akawageukia wengine. Nani ana sauti yake?

Simu zikatoka mifukoni. Felisiani alipekua yake yote. Alikuwa na mahubiri, mpira, kwaya za parokia mbalimbali, hata dalali wa mnada wa ng'ombe. Bernadetha, jirani aliyempa chumvi na moto miaka yote, hakuwemo. Aibu ikamshika, akaona uchungu wa kweli.

— Hakupenda simu, akasema Desderius taratibu, akiwatetea.

Keza akainama, akarekebisha kitenge chake.

Felisiani aliacha kahawa nusu kikombe, akaenda nyumbani. Mkewe Deodata alikuwa uani anapura maharage. Alipomwona tu akaanza: ulikuwa wapi, turubai limetoboka, mbuzi hawajahamishwa, mtu mzima unashinda benchini. Felisiani akatoa simu, akabonyeza kurekodi, akamsogezea karibu na mdomo.

— Unafanya nini wewe?

— Endelea, mke wangu. Nigombeze tu.