Mama Nisimulie Anatuaga Majaribio Mapya Yakibisha Hodi

Ijumaa hii, kazi zitakapokwisha, muuguzi wa utafiti wa kliniki yetu ya saratani atafunga mlango wa chumba namba nne na kukabidhi funguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameitumikia ndani ya chumba hicho, juu ya kiti ambacho mguu wake mmoja umefungwa plasta ya hospitali. Tumejaribu kumbadilishia kiti, amekataa katakata. Anasema viti vipya vinamfanya mgonjwa ajione ameitwa benki.

Kwenye barua za ofisi ana jina lake na cheo chake. Kwenye benchi la wagonjwa anaitwa Mama Nisimulie, na hata daktari wetu mkuu akijisahau humwita hivyo mbele ya wageni. Mimi ni karani wa mapokezi na dirisha langu linatazamana na mlango wake. Ndiyo maana wenzangu wamenitupia kazi hii ya kuandika.

Alianzia wodi ya upasuaji. Matroni wa enzi hizo alitabiri kwamba hatamaliza hata mwaka, kwa sababu alikuwa anacheka sana na wagonjwa. Matroni alistaafu, yeye akabaki anacheka. Baadaye hospitali ikaanza kushiriki majaribio ya tiba ya saratani ya utumbo mpana, akatafutwa mtu mwenye moyo wa kukaa na mgonjwa na kumweleza habari ngumu: kwamba kuna dawa mpya, na kwamba hata wataalamu hawajui bado kama inaishinda ile ya zamani. Wengi waliikwepa kazi hiyo. Mtaani watu walikuwa wakisema anayeingia chumba namba nne anageuzwa panya wa maabara. Yeye aliingia, akafungua madirisha, akaagiza mlango uachwe wazi kila asipokuwa na mgonjwa, ili mpita njia aone hakuna kilichofichwa humo isipokuwa meza, mizani na birika la chai.

Jina la Nisimulie lina kisa chake, na wazee wa kliniki hawachoki kukirudia. Jaribio lake la kwanza lilikuwa la vidonge baada ya upasuaji. Kundi moja lilipewa dawa ya kawaida, kundi la pili likapewa hiyo hiyo pamoja na kidonge kipya. Miongoni mwao walikuwamo wazee wawili, mwashi na mwalimu, waliokutana kwenye benchi letu wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Mwashi ndiye aliyeangukia kundi la kidonge kipya. Akamhurumia mwenzake, akaona ni uchoyo kula peke yake. Basi kila walipotoka dirisha la dawa walisimama nje ya geti wakagawana vidonge nusu kwa nusu, kama watu wanaogawana karanga. Siri ilifichuka siku mwashi alipomwambia muuguzi kwa fahari, "Usiwe na wasiwasi na rafiki yangu. Hapungukiwi kitu, namgawia."

Wazee walipimwa, wakakutwa salama. Majibu yao ndiyo hayakuweza tena kuhesabiwa, na kamati ya maadili ikaarifiwa. Watu walitegemea muuguzi wetu awafokee. Hakuwafokea. Alisema hawa wawili walitia sahihi nzuri za kupendeza, lakini hakuna aliyewauliza wameelewa nini.

Tangu hapo ana utaratibu wake. Akishamweleza mgonjwa kila kitu, anaitia kalamu kwenye droo na kuifunga. Kisha anaegemea kiti chake na kusema, "Haya, nisimulie. Mimi ni shemeji yako, nimekuja kukuuliza hao watu wa hospitali wanataka kukufanya nini." Mgonjwa husimulia. Akikosea, wanaanza upya. Akipatia, bado hapewi kalamu. Anarudishwa nyumbani akamsimulie mtu atakayembishia, na arudi siku nyingine na jibu lake.

Vichekesho vya chumba hicho vingejaza jarida hili lote. Kuna mama muuza mboga aliyegoma kabisa, akisema shemeji yake na yeye hawasemezani tangu siku ya harusi. Ikabidi muuguzi ajigeuze mama mkwe, na hapo simulizi ikatoka kwa adabu na kwa urefu. Kuna bwana mmoja aliyesimulia vizuri sana, ila alipofika nyumbani akamwambia mkewe ameajiriwa hospitalini. Mke alikuja kesho yake kuuliza mumewe anaanza kazi lini.

Na kuna fundi cherehani mmoja, ambaye alikuwa mume wangu. Alipoambiwa asimulie, alimtazama muuguzi toka juu hadi chini kama mteja, akasema: "Shemeji, hawa ni mafundi. Wana mshono wa zamani wanaoujua, na wana mshono mpya wanaodhani utanikaa vizuri zaidi, lakini hawana uhakika. Nitavaa upi, sichagui mimi wala hawachagui wao, inachagua kompyuta. Na ukinibana, nauvua, na hawatanifukuza dukani."

Muuguzi alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Akamwomba ruhusa ya kuyatumia maneno hayo kwa wagonjwa wengine. Mume wangu alimpa, kwa sharti kwamba alete sare yake irekebishwe. "Hilo bega," alimwambia, "limeshonwa na adui yako." Sare ilirekebishwa, na mishono miwili imekuwa ikielezwa chumba namba nne hadi leo, kwa wakulima, kwa walimu na kwa wanasheria.

Mume wangu mwenyewe aliangukia mshono mpya. Haukumponya. Alituacha mwaka juzi, asubuhi, redio ikiwa imewashwa. Muuguzi wetu alikuja msibani, akavua saa yake, akaosha vyombo pamoja na shangazi zangu kana kwamba amezaliwa nao. Na jaribio lilipofungwa alikuja tena nyumbani kunipa matokeo, kwa maana ndivyo afanyavyo kwa familia zote, walio na mgonjwa wao na waliobaki peke yao. Alinieleza kwamba dawa mpya haikurefusha maisha kuliko ya zamani, ila ganzi ya vidole inayoletwa na dawa hizi ilikuwa ndogo zaidi kwa walioitumia. Nilielewa mara moja. Mume wangu alishika sindano mpaka mwezi wake wa mwisho, akamaliza sare za shule za watoto wa jirani. Kwa fundi hilo si jambo dogo, na kwa mke wa fundi pia.

Sasa mwezi ujao kliniki inafungua majaribio mengine mawili, na sote tuna furaha ya watu wanaongoja mgeni. La kwanza ni la waliokwisha kufanyiwa upasuaji. Damu yao itapimwa kutafuta alama za saratani zilizobaki, na wale ambao hazitaonekana, baadhi yao watapewa kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, kwa kiasi chepesi badala ya ile nzima, ili ijulikane kama mtu anaweza kupunguziwa mateso bila kuhatarishwa. La pili halina dawa ndani yake. Ni la waliomaliza matibabu: wengine wataendelea na miadi ya kawaida, wengine wataongezewa mazoezi ya kutembea pamoja na mwalimu, na simu ya muuguzi kila wiki kuwauliza wamelala vipi, wamekula nini.

Majaribio haya yanahitaji washiriki wengi kwa muda mfupi. Katika kikao, baadhi yetu tuliona ni vyema mgonjwa aelezwe na kutia sahihi siku hiyo hiyo. Hoja haikuwa mbaya, maana watu wetu wanatoka mbali na nauli ni mzigo. Lakini Mama Nisimulie alitoka kikaoni hata chai hakugusa. Alijua hatakuwepo kuifunga ile droo. Aliogopa kwamba utaratibu wake utastaafu pamoja naye, na kwamba watu watarudi kugawana vidonge getini.

Hakugombana na mtu. Aliomba kitu kimoja tu: uandikishaji wa awali uende kwa njia yake, lakini yeye asikanyage chumbani. Kazi ifanywe na atakayerithi kiti, kaka yetu kutoka idara ya dharura, ambaye hutembea kama anakimbilia ambulensi hata akienda kunywa maji. Watu wakielezwa na wasirudi, yeye atanyamaza.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja dereva wa lori. Alielezwa, akasimulia, akarudishwa nyumbani. Kuanzia hapo kliniki nzima ilikuwa inachungulia dirishani. Mama Nisimulie alihamia kwangu mapokezi, akajifanya anapanga vikombe, vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Dereva alirudi, na binti yake. Mlango haukufungwa vizuri, kwa hiyo tulimsikia. "Mwanangu, umenieleza vizuri. Nimemsimulia binti yangu, tumegombana, tumepatana. Lakini mimi sitaki. Nikipunguziwa kemo nitakuwa nalala macho. Nipeni ile nzima."

Mama Nisimulie akaacha vikombe. Mtu wa kwanza kabisa, na amekataa. Na kule ndani kaka yetu, mtu wa haraka, tulimsikia akivuta kiti karibu na mzee. Kisha akasema, "Sawa, mzee wangu. Kemo yako inaanza Jumatatu kama ilivyopangwa, na mimi ndiye nitakayekupokea."

Mama Nisimulie alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, ikashindikana, kicheko kikamtoka. "Amekataa!" aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyepata mjukuu. "Amekataa, na anajua anachokikataa! Na hajabembelezwa!" Daktari mkuu alitoka ofisini kuuliza kuna sherehe gani. Alipoelezwa alimshika mkono, akamwambia utaratibu unabaki, kwa majaribio yote mawili, awe yupo asiwe yupo. Walioelezwa baada ya dereva wamerudi karibu wote, na wengi wao wamekubali. Lakini siku nzima ile yeye alikuwa na habari moja tu mdomoni, ya yule aliyekataa.

Mumewe ametuonya kwamba tunampelekea matatizo nyumbani. Anahofia akikosa mgonjwa, mama atamkalisha yeye kila jioni amsimulie alichokula mchana. Wajukuu wamesema wako tayari kupokezana.

Dada yetu, asante. Asante kwa mlango ulioachwa wazi, kwa miaka yote uliyokaa na watu walioogopa, na kwa kurudi kwenye nyumba zetu na majibu hata yalipokuwa si yale tuliyoyaombea. Mungu akupe siku ndefu, nyepesi, zenye watu wako karibu. Jumatatu usiamke mapema. Dereva ana miadi yake, na aliyeahidi kumpokea atampokea. Wewe lala.